Siku Mwanao Aliposimama Mbele Yangu Nisimjue

Rafiki yangu Gidamis, mnywaji wa maziwa ya watu,

Salamu zitafuata, kwanza nijisifu. Katika wazee wote wa huku kijijini Daudi, ni mimi peke yangu ambaye sijawahi kupotewa na sura ya mtu. Nikikuona mara moja mnadani Katesh, hata ukirudi baada ya miaka mingi umeota mvi na kitambi, nakuita kwa jina na namuulizia mke wako. Hayo yanajulikana, muulize yeyote.

Sasa futa. Ni uongo. Zamani ilikuwa kweli, na watu waliendelea kuamini, ndiyo maana mwanao nusura auawe. Kwa sasa sijui sura ya mtu hata mmoja. Ya mwanangu Paskali siijui. Ya kwangu mwenyewe siijui. Juzi juzi kwa kinyozi, Mbulu mjini, nilimkuta mzee ameketi ananikodolea macho. Nikasema moyoni, wazee wa siku hizi hawana adabu, nikaamua nimwamkie mimi. "Shikamoo." Kinyozi akaangusha mkasi. Kilikuwa kioo.

Umecheka. Nakujua, unacheka kwa kuvuta pumzi ndani kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Cheka umalize, maana yanayofuata hayachekeshi, na anayekusomea barua hii ni mwanao mwenyewe aliyekuwemo. (Wewe Yosefu, soma kila neno. Usiruke mahali ninapokusema, wala usiongeze mahali ninapokusifia.)

Ilikuwa wakati wa kung'oa vitunguu saumu. Niliinama shambani nikiwa mzima, nikaja kuamka nimelala hospitali, mdomo umeenda upande. Kiharusi, wakasema, kidogo tu. Kidogo kwao. Mdomo ulirudi, mkono ukarudi, hata matusi yalirudi yote, niliyajaribu moja moja. Zilizokataa kurudi ni nyuso.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye viatu vinavyolia kwiu kwiu, na kwa hivyo viatu ndivyo nilivyomjua. Akanionyesha picha.

"Babu, huyu ni nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenye pua."

Alikuwa Paskali, na Paskali mwenyewe alikuwa amesimama pale pale pembeni ya kitanda. Akatoka nje. Nilisikia miguu yake ikienda haraka, na kwa miguu nilimjua vizuri sana.

Yule binti akanieleza akitumia ngumi yake kama ndiyo kichwa changu. Alisema ubongo hauangalii uso kama unavyoangalia jembe. Jembe unaona mpini, unaona chuma, umemaliza. Uso unakamatwa wote kwa mara moja, na kuna mahali pake, nyuma huku kwa chini, zaidi upande wa kulia, panapofanya kazi hiyo. Pangu palikosa damu, pakafa. Macho yanaona pua, yanaona nyusi, yanaona kidevu, lakini hakuna wa kuvikusanya vikawa mtu. Matofali yote yapo, fundi amefariki.

"Na ng'ombe?" nikamuuliza.

"Ng'ombe gani, babu?"

"Wangu. Ninawajua wote kwa sura."

Hilo alikuwa hajalifikiria. Paskali akaleta picha za zizi kwenye simu, nikawataja wote, huyu ni nani na mama yake nani. Binti akacheka, akasema huenda mimi ng'ombe niliwajengea chumba chao, hawakupanga pamoja na watu.

Halafu akasema jambo ambalo wakati ule nililipuuza. Kujua huyu ni nani, alisema, ni kazi moja. Kujua huyu anaogopa au ana hasira ni kazi nyingine, ina njia yake. "Hiyo ya pili bado unayo, babu." Nikamwambia itanisaidia nini, kama sijui anayeogopa ni nani.

Paskali nilimwapisha asimwambie mtu, hata dada yake. Unajua kwa nini. Mzee asiyejua watu, kesho atamkabidhi ng'ombe mpita njia akidhani ni shemeji yake. Wangenivua zizi nikiwa hai. Na wengine wangesema nimerogwa, halafu atafutwe mchawi, na mchawi siku zote huwa bibi fulani asiye na mtoto wa kumtetea. Basi nikaanza kuwajua watu kwa viatu, kwa kikohozi, kwa harufu, kwa namna ya kusukuma mlango. Siku mke wa Paskali alipovaa kitenge kipya nilimpa kiti, nikamuuliza kwao wameamkaje. Wengine wote nikawaita mtani. Watu wakasema, jamani, ugonjwa umemfanya mzee awe mchangamfu.

Sasa ile siku.

Jirani yangu Margwe humjui, alinunua shamba la juu yangu baada ya wewe kuhamia Lindi na mifugo yako. Siku chache kabla, maksai wake wa kulimia walikuwa wameibiwa, na mvua ndiyo kwanza imeanza. Mtu asiye na maksai wakati kama ule anasimama kila asubuhi kutazama udongo wa mwenzake ukigeuzwa na wake umelala, na ndani kuna watoto. Sikumcheka Margwe, na unajua ninavyopenda kucheka.

Mwanao akafanya kosa la nyumbani kwenu kabisa. Hakuja kwangu kwanza. Alipita bondeni, akawakuta ng'ombe wangu wanakunywa maji, mchungaji yuko kivulini. Akaingia katikati yao akawa anawatazama mmoja mmoja, anawageuza kwa fimbo, anawapigia mluzi. Kwenu ng'ombe ndio wanaoamkiwa kwanza, mwenye nyumba atasubiri. Mara ngapi nilikukuta zizini kwangu unamkuna ng'ombe shingo, na marehemu mke wangu ndani hana hata habari kwamba umefika? Lakini Margwe hajui hayo. Margwe aliona kijana mgeni, shuka jeusi, fimbo, katikati ya ng'ombe wa mtu mwingine. Akapiga yowe.

Yowe la huku unalijua. Jembe linaangushwa palipo, chungu kinaungua, kila mwanaume anakimbia. Walipomfikisha uwanjani kwangu mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba, na watu walikuwa wengi kuliko wanaokwenda misa.

"Shikamoo baba," akasema. Sauti ilikatika katikati.

"Mzee, tumekuletea mtoto wa rafiki yako," Margwe akasema. "Eti ni wa Gidamis. Haya, mwambie mzee unaitwa nani."

"Yosefu."

Watu wakaguna. Na mimi niliguna kidogo. Gidamis kuwa na mtoto Yosefu! Mwanao nilimjua kwa jina la babu yake.

"Nilibatizwa kule Lindi," akasema.

"Hata wezi wanabatizwa," mtu akajibu kutoka nyuma, watu wakacheka kile kicheko ambacho hakina furaha ndani.

Akaeleza kwamba ukame umewamaliza ng'ombe wenu karibu wote, kwamba yeye anataka kuoa, na kwamba umemtuma achukue mtamba mmoja katika uzao wa ng'ombe wako aliye kwangu. Maneno yalikuwa sawa. Lakini habari za ng'ombe wako hapa zinajulikana mpaka kilabuni. Yeyote angeweza kuzibeba. Tukakupigia simu. Yule dada anayeishi kwenye simu akasema namba hii haipatikani. Tukapiga tena. Dada hakubadili mawazo.

Na wa kukujua kwa sura alikuwa nani? Wazee wa wakati wetu wamekwisha. Paskali, enzi zile ulipokuwa unakuja huku, alikuwa shuleni bweni, na dada yake alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilibaki mimi.

"Nina picha ya baba kwenye simu," mwanao akasema. "Mfukoni."

Wakaitoa, wakaifungua, wakanipa.

"Mwangalie vizuri, mzee," Margwe akasema. "Wewe si ndiye usiyesahau sura? Ukisema ndiye, tunamfungua sasa hivi. Ukisema siye, tuachie sisi."

Mkononi alikuwa na jiwe. Hakuwa amelificha.

Nikaangalia. Niliona kofia. Chini ya kofia kuna pua, mdomo, ndevu nyeupe. Yale makovu ya mviringo kuzunguka macho yako, ambayo yangeniokoa, yalikuwa yamemezwa na kivuli cha kofia. Ulianza lini kuvaa kofia, wewe mtu? Nilikuwa nakuangalia wewe, Gidamis. Wewe niliyejibanza nawe chini ya mwamba mmoja pale chini ya Mlima Hanang, mvua inatupiga, tukigawana shuka moja mpaka ukalivuta lote. Wewe uliyemswaga yule ng'ombe wa kijivu kutoka Hirbadaw mpaka huku juu kwenye baridi, ukanikabidhi kamba ukasema, "Maziwa na mbolea vyako, uzao wangu. Ukame ukinimaliza huko chini, huyu abaki. Homa ya mifugo ikikumaliza wewe huku, ng'ombe wako walio kwangu wabaki." Nilikuwa nimeshika uso wako kiganjani kama mtu aliyeshika kiazi.

"Basi, mzee?"

Nikisema ndiye, na kumbe siye, nimempa mwizi mtamba wako, na amebeba na jina lako. Nikisema siye, na kumbe ndiye, ningekuandikia barua ya namna gani leo? Na nikinyamaza, kunyamaza kwangu kungekuwa jibu. Tayari walikuwa wanaliandaa.

"Huyo hata hatuangalii machoni!"

"Ataangaliaje, na amekula maksai za watu?"

"Tazama! Tazama anacheka! Mwizi anatucheka!"

Nikamgeukia. Kweli meno yalikuwa nje. Macho ameyashusha chini kama ulivyomfundisha afanye mbele ya wakubwa, na midomo imevutwa nyuma. Kwao hilo lilikuwa tabasamu la dharau, kwa sababu waliona mtu kwanza: mgeni, shuka jeusi, Yosefu wa uongo. Wakishampata mtu, uso waliusoma kumfuata huyo mtu waliyempata. Mimi mtu sikuwa naye. Ile kazi ya kwanza kwangu imekufa, ikabaki ya pili peke yake. Nikaona hofu. Haikuwa na jina, haikuwa na kabila, haikuwa na kwao. Hofu tupu, kama ya ndama anapovutwa kwenda josho.

Kisha nikamwangalia Margwe, nimwambie aweke jiwe chini, na hapo nikashtuka. Macho yametoka vile vile. Midomo imevutwa vile vile. Kama wangebadilishana nguo nisingewatofautisha. Ile niliyoisikia kama hasira kwenye sauti yake, usoni ilikuwa hofu ya mtu anayeona msimu unampita na unga umefika chini ya debe.

Mikono yangu, ambayo hakuna aliyeifunga, ikavutika nyuma yenyewe. Yule binti wa viatu aliniambia na hilo pia: ukimwona mwenzako anajikata kwa kisu, kidole chako kinajikunja, kwa sababu ndani ya kichwa chako kuna pahali panafanya kana kwamba umekatwa wewe. Niliona mikono yake imefungwa nikawa nimefungwa mimi. Ni ujinga, lakini ndivyo tulivyoumbwa, au mimi ndivyo nilivyobaki.

Nikasema, "Nisikilizeni. Mimi sura za watu sizioni."

"Baba, nyamaza," Paskali akasema.

"Sinyamazi. Tangu nilipougua sijui uso wa mtu yeyote hapa. Hii picha inaweza kuwa ya Gidamis au ya katekista, kwangu ni sawa."

Wakadhani ni mzaha. Ndiyo shida ya kuwa mcheshi miaka yote. Margwe akaja mbele yangu. "Haya, mimi nani?"

"Margwe."

"Si umeniona!"

"Nimesikia sauti yako, mpumbavu wewe. Aje mwingine, asiseme kitu."

Akaja mtu akasimama. Kitambaa kichwani, harufu ya sabuni ya kufulia, mikono ina unga. Nilimtazama sana. Nilitafuta kila mahali, Gidamis, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.

"Wewe mama," nikasema, "samahani, sikujui."

"Baba," akasema.

Alikuwa Marta, binti yangu, aliyekuja tangu asubuhi kunipikia. Ile sauti ilinipata hapa, kifuani. Akajifunika uso kwa kanga, na uwanja mzima hapakuwa na wa kucheka tena.

Unafikiri hapo iliisha? Haikuisha. Margwe alikuwa bado na jiwe. "Basi mzee hana ushahidi," akasema, na sasa sauti ilikuwa ndogo, ndiyo mbaya zaidi. "Basi huyu hana mtu wa kumtetea."

"Anaye," nikasema. "Yuko zizini."

Mchungaji alikuwa ameshawarudisha ng'ombe kwa sababu ya ghasia. Nikamvuta Paskali nikamnong'oneza sikioni mtamba wako ni yupi, na alama zake, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba nimebadilisha. Kisha nikamwambia mwanao hivi: "Humu kuna mtamba wa Gidamis, mmoja. Ni mjukuu wa yule aliyeletwa hapa kutoka Hirbadaw. Hujawahi kumwona kabla ya leo, na walipokukamata bondeni hakuna aliyekuambia. Ingia, umtoe. Ukitoa mwingine, mimi sina neno tena."

Nilikumbuka ile siku Katesh ulipomjua dume wako aliyepotea, chapa imechomwa juu ya chapa, na mnunuzi anaapa. Wewe hukuangalia chapa. Ulimshika taya, ukasema huyu ana paji la mama yake, na ng'ombe waliokuwa zizini kwako walipoletwa, kila mtu akaliona hilo paji. Nikawaza, kama huyu amelelewa na Gidamis, atakuwa na hicho chumba kichwani. Kama hakulelewa na Gidamis, nimemuua kwa ujanja wangu.

Wakamfungua. Alisugua vifundo vya mikono, akaingia. Watu wakauzunguka ua wa miti.

Akamwendea wa kijivu.

Yule bibi wa Hirbadaw alikuwa wa kijivu, hilo wanalikumbuka wengi, lakini huyu wa kijivu ni wangu, nilimnunua Dongobesh. Mwanao akamshika taya. Nikamwona Margwe akivuta pumzi. Nilitaka kukohoa, nimpe ishara. Mwenyezi Mungu anajua koo lilikuwa tayari. Sikukohoa.

Akamwacha. Akapita wawili watatu, akasukuma mmoja kwa kiuno kama mtu anayepita katikati ya shangazi zake kwenye harusi, akafika kwa mwekundu mdogo aliyekuwa amegeukia miti ya ua. Hana baka, hana rangi ya bibi yake, hana kitu. Akamgeuza kichwa. Akamtazama. Yule mtamba akamnusa mkono, akaanza kumlamba kiwiko.

"Huyu," akasema.

"Kwa nini huyo?" Margwe akapaza sauti.

"Ana nundu ndogo hapa juu ya jicho, wote wa kwao wanayo. Nimechunga mama zake wadogo, wale baba aliohamia nao Lindi, miaka yote mpaka walipokufa. Na wote wanaanza kulamba kiwiko, sijui kwa nini."

Watu wakamgeukia Paskali. Paskali alikuwa analia, mwanaume mzima. Akasema, "Ndiye."

Margwe aliliweka jiwe chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akaketi hapo hapo kwenye mavi ya ng'ombe. Mwanao akatoka zizini, akapita watu wote, akaenda akainama mbele yake. "Shikamoo baba. Pole kwa maksai wako." Sikuona nyuso zao. Nilisikia Margwe akijaribu kujibu "marahaba" mara kadhaa, haitoki.

Sasa habari za leo. Kibali cha kusafirisha mtamba kimepatikana, na Margwe mwenyewe anawasindikiza mpaka barabara kubwa. Maksai wake hawajapatikana; tunamlimia kwa zamu, kwa manung'uniko. Kama ukisikia neno huko mlipo, usikae nalo.

Zizi nimevuliwa nusu. Mnadani siendi bila Paskali. Watoto wa hapa wamepata mchezo mpya: wanakuja mbele yangu kimya, wamevaa makoti ya baba zao, nawaambia shikamoo, wanaanguka chini kwa kucheka. Nami nawaacha, maana hata mimi ningefanya hivyo. Marta ndiye ninayemwonea huruma. Siku hizi kila akiingia anaanza kusema akiwa bado mlangoni, "Ni mimi Marta, baba," na kila mara anajitahidi aseme kama mtu anayesema jambo la kawaida.

Ninachoogopa ni kimoja. Mwanao amesema ukipata nguvu utakuja mwenyewe. Njoo. Lakini nakujua, utapenda kunivizia, usimame uwanjani na kofia yako hiyo, utabasamu, usubiri niruke kukukumbatia. Na mimi nitakuuliza kwa adabu umetoka wapi, baba. Hilo sitaki litokee kati yetu, hata kwa utani.

Kwa hiyo nakudai, na usibishe, kwa sababu anayekusomea hapo ana meno yake yote mdomoni. Ukifika kwangu, sema kwanza. Neno lolote. Nitukane ukipenda. Ila usinyamaze mbele yangu ukingoja nikujue.

Ni mimi,
mlishaji wa ng'ombe wako huku mlimani.